Poda Usoni, Rangi Kiatuni

Shikamooni wazee wangu, na habari za jioni kwenu nyote. Nashukuru mmevumilia foleni kuja kusikiliza habari za baleti. Ingekuwa taarabu, mimi mwenyewe ningekosa pa kukaa.

Niseme mapema kwamba wasifu wa wanawake wacheza baleti nimeusoma kwa jicho la fasihi. Magoti yangu hayakuhusika. Ninachofuatilia ni vitu: kitu gani kinarudi kila maisha ya mwanamke wa baleti yanaposimuliwa, na kimebebeshwa nini. Kwa wanawake weusi wa Marekani, kitu cha kwanza ni poda.

Janet Collins alizaliwa New Orleans mwaka 1917, akakulia Los Angeles. Akiwa bado binti mdogo alikwenda kujaribiwa na kampuni ya Ballet Russe. Walimpenda. Nafasi ipo, wakamwambia, ila jukwaani itabidi apakwe uso rangi nyeupe. Akakataa, akaondoka. Mwaka 1951 akapanda jukwaa la Metropolitan Opera, New York, katika opera ya Aida, na huko akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mchezaji mkuu wa baleti.

Raven Wilkinson, mwanamke mweusi pia, aliingia Ballet Russe de Monte Carlo mwaka 1955. Alikuwa maji ya kunde hasa, na katika safari za majimbo ya kusini alijipaka poda, kwa sababu sheria za huko hazikuruhusu weusi na weupe kuchanganyika jukwaani. Montgomery, Alabama, watu wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, walifika hadi kwenye kampuni kumsaka, na wenzake hawakumtaja. Ni rahisi kusema basi Collins ndiye shujaa na Wilkinson alikubali yaishe. Mimi sikubali. Wilkinson alikuwa na mpaka wake: akiulizwa waziwazi kama ni mweusi, hakukana. Poda ilifunika uso, mdomo ukabaki wake. Na alilipa: alizuiwa kusafiri na kampuni sehemu kadhaa za kusini, akaondoka mwaka 1961, kampuni nyingine za Marekani zikamfungia mlango. Kazi aliipata Uholanzi. (Tusijifanye wageni wa mambo haya. Mjini hapa mkorogo umeunguza nyuso ngapi?)

Kitu cha pili ni jina. Zama zile baleti ilikuwa ya Warusi, na mchezaji wa Ballet Russe hiyohiyo alitakiwa asikike Mrusi. Maria Tallchief, binti wa Waosage, wenyeji asilia wa Oklahoma, alijiunga mwaka 1942 akiitwa Elizabeth Marie. Jina la Maria akalikubali. Walipotaka Tallchief igeuzwe Tallchieva, akagoma: hilo ni jina la baba yake. Mwaka 1949 George Balanchine alimtungia Firebird, ndege wa moto, na jina lile la Kiosage likasomwa kwenye mabango ya New York.

Wasikilizaji wa pwani hapo lazima wamkumbuke mwimbaji wa taarabu, Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, akapewa jina la Mtumwa. Alipofika mjini na kupata sifa ndipo akaitwa Siti. Waliomwonea wivu walimwimbia kaniki zake za shamba, nguo iliyojulikana kuwa ya watumwa. Mmoja aling'ang'ania jina la ukoo, mwingine akaliacha la kuzaliwa. 

Sasa kiatu, na hapa nitakaa. Mwaka 1832, Paris, Marie Taglioni alicheza La Sylphide akiwa kiumbe wa angani, akasimama juu ya ncha za vidole. Tangu hapo kiatu cha kusimamia vidole kimekuwa alama ya mtu asiye na uzito. Rangi yake ya waridi ilichaguliwa ifanane na ngozi ya Mzungu, ili mguu uonekane mstari mmoja kutoka nyonga hadi kidole. Mvalishe mwanamke mweusi kiatu hichohicho: mstari unakatika kifundoni. Arthur Mitchell, aliyeanzisha Dance Theatre of Harlem mwaka 1969, akaamua taiti na viatu vifuate ngozi ya kila mchezaji. Kwingineko wanawake waliendelea kupaka viatu faundesheni kwa mikono yao, jozi baada ya jozi, na jozi moja huweza kufa katika onyesho moja. Kwa Freed ya London, watengenezaji wa viatu vya baleti, vya kahawia vilitoka mwaka 2018. Miaka 186 tangu Taglioni! Kwa hiyo ninapokiona kiatu hicho siwazi malaika; nawaza saa za mtu aliyeinama na sponji mkononi kabla hata hajapasha mwili moto.

Ndiyo maana simulizi la Michaela DePrince hunitia mashaka jinsi linavyosimuliwa. Yatima wa vita vya Sierra Leone, mwenye mabaka ya vitiligo, yaani ngozi kupoteza rangi, aliyeitwa mtoto wa shetani na kupewa namba 27 kwenye kituo cha yatima. Upepo ukamletea jarida lenye picha ya mcheza baleti, akaificha. Watu hukomea kwenye picha hiyo, kana kwamba upepo ndio uliomfundisha kucheza. Yeye mwenyewe aliendelea: mafunzo Marekani, Dance Theatre of Harlem, kisha Dutch National Ballet mwaka 2013, Boston baadaye. Alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 29. Nikipewa wasifu wake niuhariri, picha ningeipa ukurasa mmoja, darasa ningelipa mia.

Wilkinson, kwa taarifa yenu, aliishi kuona mwaka 2015. Misty Copeland alipocheza Swan Lake jijini New York, yeye na Lauren Anderson walipanda jukwaani kumpa maua, na siku chache baadaye Copeland akatangazwa mchezaji mkuu wa kwanza mwanamke mweusi wa American Ballet Theatre. Anderson, mwanamke mweusi pia, alishakuwa mchezaji mkuu wa Houston Ballet tangu mwaka 1990, jambo ambalo magazeti mengi siku ile yalilipita harakaharaka.

Naona dada pale nyuma mkono uko juu muda mrefu. Karibu, uliza.