Jicho la deki: tunachagua mashine ya CD ya diski moja

[Trei inafunguka, inafunga, diski inaanza kuzunguka]

ZUHURA: Mlio huo ni wa deki iliyo mbele yetu hapa mezani. Fundi ameivua kifuniko tuone tumbo lake. Karibuni sana. Mimi ni Zuhura, na kama kawaida niko na fundi Bakari. Leo, fundi, mteja ni mimi.

BAKARI: Karibu dada Zuhura. Umekuja na nini?

ZUHURA: Nimekuja na diski za mama. Mia na kitu, amenirithisha zote. Kwaya, dansi, piano, na nyingine alizichoma mwenyewe kwenye kompyuta. Nilikuwa nazipiga kwenye ile mashine ya diski tano, yenye sahani inayozunguka. Mwezi uliopita ikameza diski mama anayoipenda kuliko zote na ikagoma kuitema. Nilikaa nayo sakafuni na bisibisi mpaka usiku.

BAKARI: Uliitoa nzima?

ZUHURA: Nzima, Mungu mkubwa. Lakini nimeapa, sasa nataka mashine ya diski moja. Naiweka, naisikiliza, naitoa.

BAKARI: Umeamua vizuri, na nikwambie kwa nini. Mashine ya diski tano ni mashine mbili ndani ya boksi moja. Kuna ya kusoma diski, na kuna ya kubebabeba diski. Hiyo ya pili ina mota zake, meno yake ya plastiki, mikanda ya raba, swichi za kujua sahani imefika wapi. Mara nyingi ndiyo inayokufa kwanza, na ikifa inaondoka na ile ya kusoma ambayo ilikuwa bado nzima. Kwenye diski moja, kinachotembea ni trei, diski, na jicho. Basi.

ZUHURA: Jicho ndiyo hiyo lenzi?

BAKARI: Sogea uone. Hiki kitone kinachong'aa, kidogo tu. Chini yake kuna leza. Usikichungulie mashine ikiwa inawaka wakati kifuniko kimetolewa, maana mwanga wake ni wa nanomita 780, pembeni kabisa mwa rangi zinazoonekana. Jicho lako halitauona vizuri, lakini unaweza kuliumiza. Sasa fikiria kazi ya kitone hiki. Njia iliyo kwenye diski ni moja tu, imejiviringisha toka katikati kwenda ukingoni, na kutoka mzingo mmoja hadi wa pili ni mikromita 1.6, yaani milimita 0.0016. Diski yenyewe haijanyooka, inapanda na kushuka ikizunguka. Hiyo lenzi inaelea juu ya vinyaya vyembamba, inaifuata diski juu chini, kushoto kulia, bila kuigusa. Mimi nimefungua deki hizi miaka mingi, na bado nikiiona ikicheza namna hiyo nasimama kidogo niitazame.

ZUHURA: Kumbe mimi nimekuja na orodha ya namba. Nimesoma maboksi. Hii ina biti 24, hii ina biti 32, hii kilohezi 192. Nikadhani yenye namba kubwa ndiyo kali.

BAKARI: Diski yako ina biti 16, sampuli 44,100 kila sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia. Yaani sauti inapimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16. Ndivyo viwango vilivyowekwa na Sony na Philips, na kila CD ya muziki ya mama imeandikwa hivyo. Mashine ikiwa na biti 32 haiwezi kuchota kwenye diski kitu ambacho hakikuwekwa. Sisemi sakiti nzuri haina faida, ina faida. Nasema usiianzie hapo. Unajua deki za kwanza kabisa?

ZUHURA: Za lini?

BAKARI: 1982. Sony walitoa CDP-101, na Philips wakawa na CD100. Basi Philips walikuwa na kigeuzi cha biti 14 tu, wakati diski ni ya biti 16. Walichofanya ni kuongeza sampuli mara nne na kuchuja kwa ustadi, na matokeo yakakaribia sana biti 16 kamili. Zipo mashine za ukoo huo zinazotafutwa na wapenzi wa muziki mpaka leo. Kwa hiyo mtu akikutajia biti, muulize na kazi iliyofanyika nyuma yake.

ZUHURA: Hicho kigeuzi uwaeleze wasikilizaji, maana ndicho kilichonichanganya.

BAKARI: Diski imebeba namba. Spika inataka umeme unaopanda na kushuka. Katikati lazima kuwe na sakiti ya kugeuza namba ziwe umeme, ndiyo DAC, mimi naiita kigeuzi. Sasa swali langu la kwanza kwa kila anayetaka deki: amplifaya yako nyumbani ina matundu gani nyuma?

ZUHURA: Nimepiga picha. Kuna CD, kuna AUX, kuna PHONO, halafu kuna kitundu cha mraba chenye kifuniko kidogo, kimeandikwa OPTICAL.

BAKARI: Hapo sasa pana habari. Hicho cha mraba maana yake amplifaya yako ina kigeuzi chake ndani. Una njia mbili. Ya kwanza, ununue deki kamili, inayogeuza yenyewe, uiunganishe kwa zile waya mbili, nyekundu na nyeupe, kwenye tundu la CD. Ya pili, ununue deki isiyo na kigeuzi kabisa, transpoti. Cambridge Audio wana CXC, Audiolab wana 6000CDT. Hizo zinasoma diski na kutoa namba, kazi ya kugeuza inafanywa na amplifaya. Hela yako yote inakuwa imekwenda kwenye kusoma.

ZUHURA: Basi si nichukue hiyo ya pili moja kwa moja?

BAKARI: Subiri. Sikiliza kwanza kigeuzi cha amplifaya yako. Unayo mashine yoyote ya DVD nyumbani yenye tundu la mraba?

ZUHURA: Ipo.

BAKARI: Basi umeshapata kipimo cha bure. Ipigie CD, uiunganishe kwa waya wa mwanga, ule wa tundu la OPTICAL. Kama muziki unakupendeza hivyo, kigeuzi chako kinatosha, nunua transpoti. Kama unasikika mkavu, nunua deki kamili, na hakikisha nayo ina tundu la kutoa dijitali, ili siku ukinunua kigeuzi bora zaidi usilazimike kuitupa. Marantz CD6007, Yamaha CD-S303, NAD C 538, zote ni deki kamili na zote zina tundu hilo.

Halafu kuna jambo moja kuhusu transpoti ambalo wauzaji hawalisemi. Zipo diski za miaka ya 80, si nyingi, zilizorekodiwa sauti nyembamba zikiwa zimepandishwa makusudi, na ndani ya diski kuna alama inayoiambia deki izishushe. Deki ya kawaida inaiona alama hiyo na kutii. Vigeuzi vingi vya nje ya deki vya siku hizi haviitii. Ukipiga diski hiyo matoazi yanakuchoma sikio, unaanza kulaumu spika.

ZUHURA: Mama ana diski za zamani kweli, zile zimeandikwa kwa herufi nene tu bila picha nyingi.

BAKARI: Jaribu kadhaa kati ya hizo. Utasikia.

ZUHURA: Na PHONO? Nina rafiki alichomeka deki yake hapo akaambiwa imeharibika, sauti inakwaruza vibaya.

BAKARI: Deki ilikuwa nzima. Tundu la PHONO ni la santuri. Limetengenezwa kupokea umeme mdogo mno na kuukuza, tena linaongeza besi na kupunguza sauti nyembamba kwa kipimo cha santuri. CD inatoa kama volti 2. Ukizimwaga hapo, amplifaya inazidiwa. Hamisha waya kwenye CD au AUX, tatizo limekwisha.

ZUHURA: Sasa nikwambie ukweli, fundi. Moyo wangu hauko kwenye mashine mpya. Nimeona deki moja ya zamani, nzito, mbele ni chuma kitupu, vitufe vinabonyezeka hivi... Nimeipenda.

BAKARI: [anacheka] Nilijua. Na sikukatazi, zilitengenezwa vizuri sana. Lakini deki kuukuu bila kuijaribu ni mbuzi kwenye gunia. Leza inachoka. Inapoteza nguvu kidogo kidogo, na huoni kwa macho. Mwanzo inachelewa kusoma orodha ya nyimbo. Kisha inakataa diski ulizochoma mwenyewe. Kisha inaruka. Kwa hiyo kabla ya kuulizia sauti, ulizia jicho. Namba yake imeandikwa wapi? Bado linatengenezwa?

ZUHURA: Nitajuaje?

BAKARI: Tafuta jina la deki pamoja na jicho lake kwenye intaneti, mafundi wameorodhesha. Ukikuta KSS-213 ya Sony, au SF-P101N ya Sanyo, shusha pumzi. Hayo yalitumika kwenye deki za kampuni nyingi mno, na mbadala wake bado unapatikana, ingawa ubora wa mbadala unatofautiana. Lakini zile za Philips za miaka ya 80, zenye mkono unaozunguka kama wa santuri, ni ufundi wa hali ya juu, baadhi zina lenzi ya kioo halisi. Likifa jicho lake, utalitafuta kwenye deki nyingine iliyokufa kwa ugonjwa mwingine.

ZUHURA: Hiyo niliyoiona trei yake inasita. Inafunguka nusu, inasimama, halafu inamalizia.

BAKARI: Huo ni mkanda wa raba umelegea, au grisi imekauka. Hilo lisikutishe, ni kazi ya nusu saa. Wenye deki wengi wanatupa mashine kwa sababu ya mkanda tu. Kinachonitisha mimi ni deki inayotafuta diski sekunde kumi, inazunguka, inasimama, inazunguka tena. Hiyo iache.

ZUHURA: Ikisoma haraka, nichukue?

BAKARI: Bado. Diski inasomwa toka ndani kwenda nje. Mwanzoni inazunguka kama mara 500 kwa dakika, ikifika ukingoni inashuka kama 200. Wimbo wa kwanza uko karibu na katikati, ambako diski haiyumbi sana. Muuzaji yeyote atakupigia wimbo wa kwanza. Wewe beba diski ndefu kuliko zote ulizonazo, inayokaribia dakika 74, uruke mpaka wimbo wa mwisho. Huko ukingoni diski inayumba zaidi, na jicho lililochoka linajulikana huko.

ZUHURA: Na yenye mikwaruzo?

BAKARI: Beba na moja yenye mikwaruzo ya wastani. Viwango vya CD vina hesabu ya kurekebisha makosa, inaweza kurudisha kwa ukamilifu kipande kilichopotea cha kama milimita 2 na nusu za njia. Deki yenye jicho zima inapita hapo hujui kitu. Lakini angalia mkwaruzo uko upande gani. Watu wanalinda upande unaong'aa na kuutupa upande wenye maandishi mezani. Ule wenye maandishi ndio hatari, alumini iko chini tu ya rangi. Upande unaong'aa una plastiki nene ya kama milimita 1.2, unaweza hata kung'arishwa. Alumini ikibanduka, wimbo umekwenda.

ZUHURA: Mimi nafuta kwa kuzungusha kitambaa.

BAKARI: Acha leo. Futa toka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Mkwaruzo unaokatiza njia ni mfupi, hesabu inaufunika. Mkwaruzo unaofuata njia unakula kipande kirefu kwa mpigo.

ZUHURA: Zile alizochoma mama zitasoma?

BAKARI: Nyingi zitasoma, kama ni CD-R, zile za kuandikwa mara moja. Kama ni CD-RW, za kufutwa na kuandikwa tena, hizo zinarudisha mwanga kidogo sana, deki nyingi za zamani hazizioni. Tena kama alichoma MP3 na si CD ya muziki, deki ya zamani haitazijua kabisa. Hapo mpya inashinda.

ZUHURA: Haraka haraka, vitu vidogo. SACD?

BAKARI: Hizo ni diski za ubora wa sauti wa juu zaidi. Huna diski zake, usizilipie. Hata diski nyingi za SACD zina tabaka la CD ya kawaida.

ZUHURA: Rimoti?

BAKARI: Kwa deki ya zamani ni lazima ije na yake. Kuna deki ambazo bila rimoti huwezi hata kuchagua wimbo kwa namba.

ZUHURA: Waya za bei mbaya?

BAKARI: Waya imara, kichwa kinachoshika. Mengine yasubiri.

ZUHURA: La mwisho. Nikilinganisha mbili dukani, nasikiliza nini?

BAKARI: Kwanza sawazisha sauti. Deki moja ikitoa volti 2 na nyingine 2.3, ya pili itakuwa juu kwa desibeli 1 na kidogo. Tofauti hiyo ni ndogo, hutaitambua kama ukubwa wa sauti, lakini sikio litakwambia ya pili ni safi zaidi. Shusha kidogo, kisha rudia kipande kimoja unachokijua. Na sikiliza pale muziki unaponyamaza. Weka sikio karibu na deki yenyewe. Ukisikia mota inalia, chumbani kwako usiku utaisikia kila siku.

ZUHURA: Mama ana diski ya piano, dakika 73. Wimbo wa mwisho ni wa polepole, unakaribia kimya kabisa.

BAKARI: Ndiyo hiyo. Ipeleke kwa yule wa deki nzito, kabla hajakupigia yake.

ZUHURA: Kesho asubuhi. Ikigoma pale ukingoni, jioni nitakupigia twende kuangalia transpoti.

[Trei inafunguka]