Wanaume Wanaoandama Wanawake: Kifungo Peke Yake Hakitoshi

Ndugu zangu, jambo hili nimelisema katika kumbi nyingi za Moshi, na leo nalirudia kwa sababu bado nasikia, mahakamani na majumbani, mtu akisema, "Alikuwa anampenda tu." Mwanamume aliyeachwa na mkewe, kisha akamwandama miezi minane, akimngoja stendi kila jioni na kumpigia kwa namba mpya kila anapofungiwa ile ya zamani, hasukumwi na upendo; anang'ang'ania mamlaka aliyoyazoea.

Nilikaa na mfungwa mmoja wa namna hiyo. Alinieleza bila kusita saa aliyotoka nyumbani yule mwanamke, daladala aliyopanda, rangi ya kanga aliyojitanda, hata duka aliponunua mkate. Nikamwuliza, "Alipokuona pale dukani, alifanya nini?" Akanyamaza kitambo kirefu, akajifuta jasho kwa kiganja, ndipo akasema kwamba mwanamke aliuacha mkate juu ya kaunta, akatoka kwa mlango wa nyuma. Miezi yote ile alikuwa ameukariri mkate bila kuona kwamba uliachwa. Urekebishaji wake ulianzia hapo, wala si kwenye mawaidha: kila wiki nilimtaka aisimulie siku ile upya kwa kufuata hatua za mwanamke, na kila alipokimbilia uchungu wake mwenyewe nilimrudisha kwenye kaunta.

Najua yupo anayenung'unika kwamba tunawabembeleza wahalifu na kuwasahau waathirika. Hapana! Mfungwa huyu ana tarehe ya kutoka, na mwanamke yule anaihesabu. Kumwacha atoke kama alivyoingia ndiko kumsahau mwanamke.

Wala tusiwatibu wote kwa dawa moja. Daktari wa akili Paul Mullen na wenzake, waliochunguza watu 145 walioandama wengine nchini Australia na kuchapisha matokeo mwaka 1999, waliwagawa katika makundi matano: aliyekataliwa, anayetafuta mapenzi kwa asiyemtaka, asiyejua kutongoza, mwenye kinyongo, na anayenyemelea ili ashambulie. Anayeamini kwamba mwanamke asiyemjua anampenda huenda akahitaji daktari wa akili kabla ya mazungumzo yoyote. Aliyekataliwa anahitaji kujifunza kuachwa.

Ya simu na mitandao nayaacha, muda umekwisha. Ila wazazi, msikubali kubeba salamu kutoka gerezani. Mama wa mfungwa yule alikwisha kuzipeleka mara tatu kwa mwanamke, akidhani anapatanisha; tulimweleza, akaacha.