Kiduara Kinapozunguka Saa Tatu Usiku

ZAWADI: Karibuni tena. Leo ni hii video inayokwamakwama usiku, wakati kila mtu kwenye gorofa ameshafika nyumbani. Kombo, mtu aanzie wapi?

KOMBO: Asiguse rauta kwanza. Atazame video inakwama vipi. Ikisimama na kiduara kikizunguka, data haifiki. Picha ikichechemea huku sauti inaenda sawa, mara nyingi kompyuta imelemewa.

ZAWADI: Na kuna wanaonunua kifurushi kikubwa kutibu huo ugonjwa wa pili.

KOMBO: Pesa za bure hizo! Fungua YouTube kwenye kompyuta, bofya video kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua mstari wa mwisho, ule wa takwimu. Utaona akiba ya video kwa sekunde, yaani sehemu iliyokwisha kupakuliwa ikisubiri kuchezwa, na idadi ya fremu zilizodondoka, yaani picha zilizorukwa. Akiba ikiwa sekunde 30 na fremu bado zinadondoka, mtandao wako ni msafi. Laptop ya zamani, kadi yake ya picha haiwezi kufungua AV1, pengine hata VP9, miundo ya kubana video, basi prosesa inabeba mzigo wote. Shusha video kutoka 1080p hadi 720p, halafu funga zile tabo ishirini.

ZAWADI: Ishirini ni chache. Na akiba ikishuka hadi sifuri?

KOMBO: Hapo sasa ni mtandao. Chomeka laptop kwenye rauta kwa waya wa mtandao, wa LAN, aina ya Cat5e inatosha, uzime Wi-Fi ya laptop. Pima kasi asubuhi, kisha saa tatu usiku. Netflix inapendekeza Mbps 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Ukipata 9 kwenye waya na 2 kwenye Wi-Fi, usimpigie mtoa huduma kelele.

ZAWADI: Hapo wa kulaumiwa ni hewa. Nenda Pipeline, mtaa wa magorofa yaliyobanana Nairobi, fungua orodha ya Wi-Fi kwenye simu, uone majina yanavyojipanga.

KOMBO: Na wengi wamebanana kwenye masafa ya 2.4 GHz, ambako chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kuna jirani amechagua 3, akidhani amekimbia msongamano. Anawasumbua wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Hamia 5 GHz, ila ukuta wa mawe unaimeza haraka, kwa hiyo itoe rauta nyuma ya TV, uiweke juu, mahali wazi.

ZAWADI: Kuna kipimo cha kuthibitisha?

KOMBO: Ping, amri inayopima muda wa kupata jibu. Kwenye dirisha la amri la kompyuta, andika ping na anwani ya rauta, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Rauta iko hatua nne kutoka kwako. Muda wa majibu ukipanda hadi milisekunde 200, au majibu yakipotea, tatizo liko ndani ya nyumba. Rauta ikijibu vizuri, ping 8.8.8.8, seva ya Google, huku simu nyingine inapakia picha kwenye wingu. Muda wa majibu ukiruka ghafla, upande wa kupakia umejaa. Sitisha upakiaji huo, au uwekee kikomo kwenye rauta.

ZAWADI: Na waya wenyewe ukiwa mbovu?

KOMBO: Tazama kisanduku cha faiba. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Fuata ule waya mwembamba hadi nyuma ya kochi. Ukiukuta umekunjwa kama karatasi, unyooshe taratibu. Taa isipozimika, mwite fundi, na umwambie apime nguvu ya mwanga: kwenye faiba nyingi za nyumbani, ikishuka chini ya -27 dBm, ni dhaifu mno.