Bushi ya bronzi kwa lethi: usipime ikiwa moto

Haya ndugu zangu, leo kwa lethi, mashine inayozungusha chuma kikakatwa na kisu, twatengeneza bushi ya pampu ya maji, ile bomba fupi ambalo shafti, mhimili wa pampu, huzunguka ndani yake, kuanzia kipande kizima cha bronzi mpaka shafti ikae ndani na izunguke. Hii pampu yatoka Likoni, ya kisima, na mwajua visima vyetu huku Mombasa vingi maji yake yana chumvi, sasa ukiweka bushi ya chuma cha kawaida kutu itaila, ndo maana twatumia bronzi, mchanganyiko wa shaba na bati.

Kabla hujawasha mashine vua pete, vua saa, kunja mikono ya shati, na glavu usivae kabisa mbele ya lethi, yakishikwa yaingia na mkono. Miwani ndo vaa, vinyoleo vya bronzi huruka. Na ufunguo wa chaki, ile sehemu ya lethi inayoshika kazi kwa meno, ukishakaza utoe hapo hapo, usiuwache hata sekunde moja.

Kwanza pima pale bushi itakapokaa, sio ile bushi kuukuu, hiyo ishaisha haikwambii kitu. Tundu la hauzingi, ile nyumba ya pampu inayobeba bushi, hapa ni milimita 32, laruhusiwa kuanzia 32.000 mpaka 32.025. Ili bushi ibane isizunguke, nje yake yataka iwe kati ya 32.026 na 32.042. Hebu tazama hapo, nafasi yote tuliyopewa ni maikroni 16 tu, na maikroni ni elfu moja kwa milimita, shikeni hiyo namba maana twarudi kwayo.

Funga kipande cha milimita 35 kwenye chaki, kitokeze kama 55, bushi yetu ni 40. Kasi: 1000 mara 30, hiyo 30 ni mita za kukata kwa dakika kwa kisu cha hai spidi, kile cha chuma kigumu, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo, yaja kama mizunguko 273 kwa dakika, chagua gia iliyo karibu upande wa chini. Kisu chenyewe juu kiwe flati, ukikipa mwinamo ule wa chuma laini kitajivuta ndani ya bronzi kitafune kazi. Lainisha uso, piga senta drili ya kuanzisha tundu katikati, toboa 10 alafu 23, nje punguza mpaka 32.5. Hapa hakuna maringo, ni kutoa nyama tu. Ila usifungue chaki mpaka mwisho, nje na ndani zikikatwa kwa mshiko mmoja senta yake ni moja, ukigeuza kipande kwenye chaki ya meno matatu huna uhakika tena.

Sasa zima mashine. Ngoja.

Najua mteja amesimama hapo nje na joto lenyewe mwalijua, lakini hapa ndo fundi na mkata vyuma huachana. Bronzi yatanuka kama maikroni 18 kwa kila mita kwa kila digrii moja. Kipande kikiwa digrii 60 baada ya kutobolewa na karakana iko 30, kipenyo cha 32 kitakuwa kimeongezeka kama maikroni 17, yaani nafasi yetu yote ya 16 imeliwa na joto peke yake! Ukipima moto mikromita, kile kifaa cha kupimia kipenyo, itakusomea 32.035 uone safi, ikipoa iko 32.018, na hiyo kwenye hauzingi huenda ikaingia kwa kidole. Kwa hivyo iwache ipoe mpaka ukiishika usihisi tofauti na mwili wa mashine, na mikromita nayo usikae umeishikilia mkononi au mfukoni, iweke juu ya meza, isome sifuri kwanza, futa jasho na mafuta, kisha kaza kwa racheti, kile kichwa chake cha nyuma kinachoteleza chenyewe, sio kwa nguvu zako.

Ishapoa, tia kata mbili ndogo zinazolingana, pima baada ya ile ya kwanza ujue mashine yako yatoa kiasi gani kikweli. Angalia dayali yako, ile pete yenye namba ya kusogezea kisu, kama yahesabu kipenyo au nusu yake, na ukipitisha namba rudi nyuma mzunguko mzima alafu uje mbele tena, skrubu huwa ina ulegevu. Mimi nalenga 32.034, katikati, nipate pa kupumulia pande zote mbili.

Ndani usimalize sasa. Panua mpaka 24.85 basi, kwa sababu bushi ikibanwa kwenye hauzingi tundu lake lapungua kidogo, na ukiwa ushaifikisha 25 kamili shafti yaweza kukataa. Chonga mdomo wa kuingilia, kata kwa urefu, toa makapi ya ukingoni.

Kuingiza tumia presi au bolti ndefu na washa mbili nene, zile pete bapa za chuma, nyundo hapana, ikienda upande yakwaruza hauzingi na hiyo ndo ghali. Ikishakaa pitisha rima, kisu cha kumalizia tundu, ya 25 kwa mkono, mafuta kidogo, izungushe mbele tu hata wakati wa kuitoa, ukiirudisha nyuma yaharibu makali na tundu pia. Utapata kati ya 25.000 na 25.021, na shafti yetu ni 24.970, mafuta yana pa kupita.

Shafti ikigota usikimbilie msasa, wang'ang'ania ndani ya bronzi na utaila shafti pole pole. Safisha, tafuta makapi mdomoni, pitisha rima tena. Ikizunguka kwa vidole viwili, funga pampu, kisha futa mikromita na uipake mafuta mepesi kabla ya kuirudisha boksini, hewa hii ya bahari haingoji kesho.