Ramani na kalenda: tunavyobishana kuhusu vita vya 1998

Wazee wetu, mama na baba, na nyinyi wanafunzi mliokaa mpaka kwenye ngazi, habari za jioni.

Nikimsimamisha yeyote humu ukumbini nimuulize kwa nini Rwanda na Uganda ziliingia Kongo Agosti 1998, atanijibu kwa neno moja: madini. Nimekuja kubishana na jibu hilo. Sisemi ni uongo. Linakuja haraka mno, na likishakuja hakuna anayeuliza tena.

Sisi wa Lubumbashi, mji wa madini wa Katanga, tunalipenda, na tuna haki. Tarehe 10 Julai 1960 askari wa Ubelgiji walifika mjini hapa wakisema wanaokoa Wazungu. Na kweli, usiku uliotangulia Wazungu walikuwa wameuawa, askari wa Force Publique, jeshi tulilorithi kutoka ukoloni, wakiwa wameasi. Kesho yake Tshombe, mkuu wa jimbo letu la Katanga, akatangaza kwamba limejitenga na Kongo. Askari wale hawakuwakusanya watu wao na kuondoka. Waliwanyang'anya silaha askari Wakongo, maofisa Wabelgiji wakamsaidia Tshombe kuunda jeshi lake, na Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ikamlipa yeye kodi. Sababu iliyotangazwa ilikuwa na ukweli ndani yake, ila haikutosha kueleza yaliyofanyika. Watu hudhani kazi yetu ni kuonyesha kwamba serikali ilidanganya. Mara nyingi haihitaji kudanganya: ina sababu tano, inatutajia ile moja inayosikika vizuri.

Sasa 1998. Mwishoni mwa Julai, Mzee Laurent Kabila, rais wetu, aliwaamuru askari wa Rwanda, wale wale waliomfikisha madarakani Mei 1997, warudi kwao. Tarehe 2 Agosti uasi ukaanza Goma na Bukavu. Kigali ikasema haina askari Kongo, na ikaendelea kusema hivyo hadi Novemba, Kagame alipokubali kwamba wapo.

Hoja yao ya usalama haikutungwa. Watu walioua Watutsi mwaka 1994, Interahamwe na wenzao, walikuwa huku kwetu, wana bunduki, na kaskazini-magharibi mwa Rwanda kulikuwa na mapigano makali mwaka 1997 na 1998. Anayefuta hilo kwa sababu linamuudhi, mimi sibishani naye. Lakini kama sababu ni hiyo, na dunia nzima ingeielewa, kwa nini kuficha askari miezi mitatu?

Kichwani mwa rais siwezi kuingia, basi naangalia ramani na kalenda. Tarehe 4 Agosti, siku mbili tu baada ya uasi kuanza, ndege zilizotekwa uwanja wa Goma zilibeba askari mpaka Kitona, karibu na bahari ya Atlantiki. Ni zaidi ya kilomita 1,800 kutoka mpaka wa Rwanda. Kutoka huko wakaenda kushika bwawa la Inga, na Kinshasa ikakaa gizani. Niambieni, Kitona kuna Interahamwe gani? Na kuna madini gani ya koltani? (Kicheko.) Hakuna. Kilichotafutwa ni kiti cha Kinshasa, na kama Angola na Zimbabwe hazingeingia, huenda kingepatikana. Operesheni hiyo moja inatia mashaka jibu la Kigali, na jibu letu pia.

Tazameni na bei. Koltani ilipanda bei ajabu mwaka 2000, wenye viwanda vya simu na kompyuta wakiigombania. Vita vilikuwa na miaka miwili tayari. Bei ya mwaka 2000 haiwezi kumtuma askari wa 1998. Inaweza sana kumfanya asitake kurudi nyumbani. Juni 2000 Rwanda na Uganda, waliokuja pamoja, walipigana wenyewe kwa wenyewe siku sita katikati ya Kisangani, na wakaaji wa mji ndio waliokufa kwa mamia. Huwezi kuniambia walikuwa wakilinda mipaka yao. Kwa hiyo swali la kwa nini waliingia na swali la kwa nini walikaa ni mawili, na jibu la moja tusilitumie kwa lingine.

Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu katika kesi yetu dhidi ya Uganda. Ilikataa hoja ya kujilinda. Ilisema kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpaka hakulingani na mashambulizi ya mpakani. Iliihukumu Uganda kwa uporaji wa askari wake, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325, kati yake milioni 60 kwa ajili ya mali asili. Hayo tunayakariri. Kuna aya tunayoiruka: mahakama ilisema haikuona ushahidi wa kuaminika kwamba kupora kulikuwa sera ya serikali ya Uganda, au kwamba jeshi lilitumwa kwa ajili ya mali hizo. Aya hiyo inauma, lakini haikumsafisha mtu: serikali iliyoshindwa kuwazuia askari wake wasipore ililipishwa vilevile. Rwanda haikuhukumiwa kabisa, kwa kuwa mwaka 2006 mahakama ilisema haina mamlaka juu ya kesi hiyo.

Na marafiki zetu je? Zimbabwe ilisema inatetea jirani. Mwishoni mwa 1998 mfanyabiashara wa Zimbabwe akapewa kuongoza Gécamines, kampuni ya madini ya serikali yetu, hapa hapa mjini kwetu. Angola ilikuwa ikiwawinda waasi wake, UNITA. Kipimo tunachompimia adui tumpimie na rafiki, hata kama mzee fulani safu ya mbele ananikunjia uso.

Kijana ameuliza, na leo? Kigali inazungumzia hatua za kujikinga dhidi ya FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda walioko huku Kongo. Fanyeni kazi ile ile: askari wamefika wapi, lini, na nani anakusanya ushuru. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba M23, waasi wanaosaidiwa na Rwanda, baada ya kushika machimbo ya Rubaya mwaka 2024, ilikuwa ikikusanya karibu dola 800,000 kila mwezi kutokana na koltani. Je, walikwenda Rubaya kwa ajili ya fedha hizo, au walizikuta huko wakazipenda? Mimi bado sijaona karatasi inayolijibu hilo.