Mradi mdogo wa kubomoa: nani ana kauli ya kusimamisha kazi?

MUSA: Karibuni tena kipindini. Dada Zuhura, leo nina swali la wenye miradi midogo. Mtu anabomoa gereji na ukuta wa uani, kazi ya siku chache. Kwa nini ahitaji mratibu wa usalama?

ZUHURA: Kwanza niambie, nani na nani watakuwa hapo?

MUSA: Wabomoaji, fundi umeme wa kukata laini, na wenye lori la kuzoa kifusi.

ZUHURA: Basi hao ni watu wa mabosi watatu, na hicho ndicho kipimo. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 92/57 la mwaka 1992 haliulizi jengo ni kubwa kiasi gani. Linauliza kama kuna mkandarasi zaidi ya mmoja. Wakiwepo, mratibu ateuliwe.

MUSA: Mbona nilisikia habari ya siku 30 na watu 20?

ZUHURA: Hiyo ni ya kutoa taarifa kwa mamlaka: kazi inayopita siku 30 za kazi na kuwa na wafanyakazi zaidi ya 20 kwa wakati mmoja, au inayozidi jumla ya siku-watu 500, yaani siku za kila mfanyakazi zikijumlishwa. Watu huchanganya. Wakiona hawafiki huko, wanadhani na mratibu wamesamehewa.

MUSA: Na kama mkandarasi ni mmoja tu?

ZUHURA: Agizo hilo halikulazimishi kuwa na mratibu. Ila Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, namba 167 wa mwaka 1988, kifungu cha 24, unataka ubomoaji wenye hatari upangwe na ufanyike chini ya usimamizi wa mtu mwenye ujuzi. Kwa hiyo kuwaachia vijana na nyundo tu, hapana.

MUSA: Haya, huyo mratibu anafanya nini hasa? Maana wengi wanamwona ni wa kuvaa kofia na kupiga picha.

ZUHURA: (anacheka) Wapo wa hivyo. Sasa sikia. Fundi umeme amezima swichi kuu, kaondoka. Mbomoaji anaikuta imezimwa, anajua ukuta hauna umeme. Kumbe waya wa taa ya nje unatoka jengo la pili, haupiti kwenye swichi ile kabisa.

MUSA: Na hakuna aliyedanganya.

ZUHURA: Hakuna. Kila mmoja kafanya la kwake. Mratibu ndiye anayesema: laini ikatwe nje ya jengo, ipimwe, fundi aweke saini, ndipo nyundo iguse ukuta. Gesi na maji vivyo hivyo. Paa la zamani likishukiwa kuwa na asbesto, ile nyuzi ya madini inayodhuru mapafu, sampuli iende maabara kabla mtu hajapanda.

MUSA: Na kifusi?

ZUHURA: Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Lori limechelewa, vijana wanarundika matofali kwenye sakafu ya juu. Mita moja ya ujazo ya matofali yaliyovunjika inapita tani moja kirahisi, na sakafu yenyewe ishaondolewa kuta zilizokuwa zinaishikilia. Ratiba ya lori, kaka Musa, ni jambo la usalama.

MUSA: Msimamizi wa wabomoaji hawezi kuwa ndiye mratibu pia?

ZUHURA: Mimi nisingemteua. Anayelipwa kwa kumaliza haraka atasimamishaje kazi? Kwa mradi mdogo, mhandisi wa saa chache anatosha, ilimradi ateuliwe kabla hujaomba bei kwa wakandarasi, mpango wake uingie kwenye bei hizo. Tena kumteua hakumwondolei mwenye mradi wajibu wake.

MUSA: Barua ya uteuzi iandikwe nini?

ZUHURA: Nusu ukurasa: jina lake, saa atakazokuwepo, na kwamba ana mamlaka ya kusimamisha kazi. Halafu mikataba ya wakandarasi itaje jambo ambalo wote hulikwepa: siku kazi ikisimamishwa, nani analipa. Lisipoandikwa, mratibu atabanwa na kila upande mpaka aruhusu kazi iendelee.