Namba Ndogo, Neno Zito

Hamjambo? Poleni na foleni ya Waiyaki Way.

Jumatatu moja, nikiwa ofisini Upper Hill, tulikuta tawi letu la Industrial Area halina mtandao. Tukasema fiba imekatwa. Kwani ni barabara gani Nairobi haichimbwi? Tukawaita watu wa fiba. Tukiwangoja, kijana wetu mmoja akaizima ruta ya makao makuu, kile kifaa kinachounganisha mitandao yetu, na kuiwasha. Tawi likarudi! Watu wa fiba wakapima, wakakuta kebo ni nzima, wakaondoka wamenuna.

Sasa mchawi alikuwa nani? Jumbe zilizokuwa ndani ya ruta zilikaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda tu, zikapotea ilipozimwa. Seva ya logi, kompyuta inayotunza jumbe hizo, nayo kimya, na kimya hicho tulikipanga wenyewe.

Jumbe za syslog, yaani taarifa ambazo ruta huandika kuhusu yanayoitokea, zina viwango vinane, 0 hadi 7, na wengi huvisoma kinyume. Ni kama nafasi za darasani: namba ikipungua, ukubwa unazidi. 0 ni mfumo umekufa, 3 ni kosa, 4 onyo, 5 jambo la kawaida linalofaa kujulikana, 6 taarifa tu, 7 uchunguzi wa fundi. Ukiiambia ruta itume 3, itatuma 3 kushuka hadi 0, basi. Sisi, kwa kuchoshwa na kelele, tuliweka 3.

Kwenye ruta za Cisco, fiba ikikatika utaona LINK-3-UPDOWN; namba ya katikati ndiyo kiwango. Lakini mtu akiifunga kwa amri poti, yaani tundu la ruta ambamo fiba hiyo imechomekwa, wateja walewale wakilia, ujumbe ni LINK-5-CHANGED. Ule wa kusema mtu amegusa mipangilio, SYS-5-CONFIG_I, ni 5 pia. Kwa ruta, kutii amri si kosa. Aliyepanga uzito huo alikaa kiwandani. Yeye hamjui bosi wako.

Siku ya tatu fundi mmoja akakiri: usiku wa Jumapili alifunga poti siyo, wala hakuhifadhi mabadiliko hayo. Ndiyo maana kuwasha upya kuliponya.

Tukapandisha seva hadi 6. Konsoli, mlango wa fundi kuingilia ruta kwa waya, tukaishusha, maana waya huo wa polepole, wa baudi 9600, ukimiminiwa jumbe, ruta yenyewe hulemewa. Na ukiona nyota mbele ya tarehe, jua ruta haiamini saa yake. Iunganishe na NTP, huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao, ama kwa zile za zamani utakuwa ukitafuta kosa la jana ndani ya Machi 1993.